Je, wajua kwa nini gurudumu la diski halivaliki hivi hivi kwenye pikipiki ya breki ya ngoma?

Mwanaboda wa Malindi amepata gurudumu la mbele la mtumba, rimu safi, diski inang'aa, bei ya kuongea. Yake ni ya ngoma mbele na nyuma, kama zilivyo boda nyingi za hapa. Anamwendea fundi: "Nivalishe hili, breki zangu za waya zimenichosha." Fundi mwenye kazi yake atalipima ekseli, kisha atamrudishia.

Sababu ni kwamba gurudumu hubeba nusu tu ya breki. Nusu ya pili iko kwenye shokomzoba.

Anza na ngoma. Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mna viatu viwili vya breki vilivyoshikwa na sahani. Ukivuta waya, viatu hutanuka na kubana ukuta wa habu. Gurudumu linazunguka, kwa hiyo linataka kuiburuta sahani nayo izunguke. Itazame sahani ya mbele: pikipiki nyingi zina mfereji ukingoni mwake, na mfereji huo huingia kwenye jino lililochomoza kwenye mguu wa shokomzoba. Kijino hicho ndicho kinachopokea nguvu yote ya kusimama. Sahani ikikikosa, siku utakayobana breki kwa ghafla itazunguka na gurudumu, ijiviringishie waya, gurudumu lishikwe, nawe upae juu ya usukani.

Diski haina habari na jino hilo. Inataka kalipa, kile kishikio chenye pedi zinazoibana diski, na kalipa inataka masikio mawili ya kufungiwa boliti kwenye shokomzoba. Mguu wa ngoma hauna masikio hayo. Wapo wanaosema "tutachomelea." Mguu wa chini wa shokomzoba kwa kawaida ni aluminiamu, na vijiti vya kuchomelea chuma haviishiki. Kitakachoonekana kimeganda kitabanduka pale pale breki inapohitajika. Mimi pikipiki ya hivyo siipandi, hata ya kwenda Ganda hapo jirani tu.

Halafu kuna vipimo. Ekseli zinaweza kutofautiana unene, habu zikatofautiana upana. Fundi wa leithi, mashine ya kuchonga chuma, anaweza kuchonga bushi, lakini gurudumu likikaa pembeni kidogo pikipiki huvuta upande mmoja, na diski hukosa katikati ya kalipa. Nyuma ni zaidi, kwa kuwa sproketi isipolingana na ya mbele cheni hutafuna meno.

Na kama gurudumu limetoka kwenye pikipiki ya ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisishikwe ukibana breki kwa ghafla? India, zinakotoka Boxer na TVS, tangu Aprili 2019 inataka pikipiki mpya zenye injini ya zaidi ya cc 125 ziwe na ABS. Hapo utaona pete yenye matundu karibu na diski. Kihisio huyahesabu matundu hayo kujua kasi ya gurudumu. Kwenye pikipiki yako ya ngoma pete hiyo ni pambo. Lakini ukiivalisha pikipiki ya ABS gurudumu lisilo na pete, au lenye matundu ya idadi nyingine, taa itawaka na ABS itajizima. Utabaki na breki za kawaida.

Njia inayofanya kazi ni kuhamisha sehemu yote ya mbele: shokomzoba zote mbili, ekseli, gurudumu, kalipa, paipu na pampu ya mkononi, baada ya kuhakikisha shingo na beringi zake zinalingana. Weka oili ya breki ya DOT (daraja la oili) iliyoandikwa kwenye kifuniko cha pampu, usiweke ya injini, maana huvimbisha mipira ya ndani. Oili ya breki pia hunywa unyevu, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu, basi ibadilishwe kwa wakati.

Hesabu gharama hiyo yote, kisha ulizia bei ya viatu vipya na waya mpya. Kwa anayebeba abiria na gunia la nazi kwa mwendo wa wastani, ngoma iliyorekebishwa vizuri inatosha. Na kama mshale wa spidi umelala baada ya kubadilisha, usilaumu waya kwanza: kwenye pikipiki nyingi za ngoma giya ya spidi huwa ndani ya sahani ile ile uliyoivua.