"Mtafiti chipukizi" ni nani katika ruzuku za saratani ya mapafu?

Ukifungua tangazo lolote la ruzuku ya utafiti wa saratani ya mapafu, hukawii kukutana na maneno "mtafiti chipukizi". Wengi huyasoma kama "kijana" au "asiye na cheo", na hapo ndipo wanapojikosesha fedha. Kwa mfadhili, chipukizi ni mtu ambaye muda wake haujaisha. Kuna tarehe inayoanzisha hesabu, kuna mambo yanayoisogeza mbele, na kuna tukio moja linaloikata papo hapo. Mwenye miaka 45 anaweza kuwa chipukizi, na wa miaka 35 akawa ameshatoka kundini.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Chipukizi ni aliye ndani ya miaka 10 tangu apate shahada yake ya juu kabisa au amalize mafunzo ya ubingwa wa tiba, kwa kuhesabu tukio lililokuja baadaye kati ya hayo mawili, na ambaye hajawahi kuwa mtafiti mkuu wa ruzuku kubwa ya kujitegemea. R01 ndiyo kubwa inayokusudiwa. Ruzuku ndogo kama R03 na R21 hazikuondolei hadhi hiyo, kwa hiyo usiziogope.

Chukua mtu aliyehitimu uzamivu Juni 2018. Hesabu yake inafika Juni 2028. Akijifungua katika kipindi hicho anaweza kuomba aongezewe mwaka mmoja. Sasa profesa mkongwe anamwalika wawe watafiti wakuu wawili wa R01. Ni heshima, lakini itazame vizuri. Andiko hilo, yaani ombi lao la ruzuku, halitahesabiwa kuwa la chipukizi, maana watafiti wakuu wote wanapaswa kuwa chipukizi. Likipata fedha, hadhi yake imekwisha siku hiyo, hata kama sehemu yake ya bajeti ni ndogo. Akiingia kama mtafiti mshiriki badala ya mtafiti mkuu, anafanya kazi ileile na hadhi inabaki.

Hadhi hiyo ina uzito. Mwaka wa fedha 2024, Taasisi ya Taifa ya Saratani (NCI) ilifadhili maandiko ya R01 yaliyofika asilimia 10 bora, lakini kwa chipukizi mpaka uliwekwa kwenye asilimia 17. Andiko lililo katika asilimia 14 lilikuwa na njia kwa mmoja na lilikwama kwa mwingine. Mpaka huu ulikuwa ukibadilika kila mwaka, na ulishuka bajeti ilipobana.

Kabla ya ngazi hiyo kuna daraja la waliomaliza uzamivu na bado wako chini ya mlezi wa kitaaluma. Hapa ruzuku ya NIH iitwayo K99/R00 ndiyo yenye faida kubwa: hadi miaka 2 chini ya mlezi, kisha hadi miaka 3 ukiwa na maabara yako. Raia wa nchi yoyote anaweza kuomba ilimradi awe katika taasisi ya Marekani, tofauti na F32 (ya mafunzo baada ya uzamivu) na K08 (ya madaktari watafiti) zinazodai uraia au ukaazi wa kudumu. Masharti yake ni kutozidisha miaka 4 ya mafunzo baada ya uzamivu, na sharti hilo linabana hata ombi la marudio. Kosa la kawaida ni kusubiri data ikamilike. Ukiomba Februari, wapitiaji hukaa katikati ya mwaka, na marudio huingia Novemba, miezi 9 baadaye. Anayepeleka ombi la kwanza katika mwezi wa 42 hana nafasi ya pili. Peleka kabla ya mwezi wa 36.

Daktari anayetibu wagonjwa huelekea K08, inayodai kwa kawaida asilimia 75 ya muda wa kazi uende kwenye utafiti. Barua ya mkuu wa idara itaje asilimia hiyo waziwazi. "Tutamsaidia apate muda" haitoshi, na wapitiaji huiona mara moja.

Mashirika ya hiari kama LUNGevity na Lung Cancer Research Foundation hutoa fedha kidogo zaidi, lakini ndizo zinazozaa data ya awali ambayo R01 itaidai. Wizara ya Ulinzi ya Marekani nayo imekuwa na programu ya saratani ya mapafu tangu 2009. Wagonjwa na manusura huketi pamoja na wanasayansi kupitia maandiko yake, hivyo maelezo yasiyoeleweka kwa asiye mtaalamu hupunguza alama. Fedha zake huamuliwa na Bunge mwaka kwa mwaka. Usiitegemee peke yake.

Kwa waandamizi, NCI ina R35, hadi miaka 7, inayopima zaidi rekodi ya mtu kuliko orodha ya majaribio.

Katika ngazi zote, andiko lililokataliwa na NIH lina marudio mamoja tu, ndani ya miezi 37. Marudio yakikataliwa, wazo lilelile linaweza kurudi kama ombi jipya, lakini bila kutaja wala kujibu maoni ya wapitiaji wa awali.