Kwa nini Marekani ilichapa bendera za wenzake kwenye stempu kabla ya bendera yake?

Stempu za kwanza za taifa la Marekani zilitoka mwaka 1847. Stempu ya kwanza kuonyesha bendera ya nchi hiyo kwa rangi zake halisi ilitoka tarehe 4 Julai 1957, yaani baada ya miaka 110. Ajabu ni kwamba katikati hapo, mwaka 1943 na 1944, posta hiyohiyo ilishatoa stempu 13 zenye bendera za rangi kamili za nchi nyingine: Poland, Norwei, Ugiriki, hata Korea. Yake haikuwemo.

Wepesi wa kuhukumu watasema ni siasa. Siasa ilikuwepo, na tutaifikia, lakini kilichokwamisha bendera muda wote huo kilikuwa karatasi yenye unyevu.

Stempu za Marekani zilichapwa kwa bamba la chuma lililochongwa. Fundi huchonga mchoro ukazama ndani ya chuma, mstari kwa mstari. Bamba hupakwa wino lote, kisha uso wake hufutwa, wino ukabaki kwenye mifereji tu. Karatasi nayo hulowanishwa kidogo ilainike, ikakandamizwa kwa nguvu nyingi mpaka izame kwenye mifereji hiyo na kutoka na wino. Pitisha ukucha juu ya noti mpya na mara nyingi utaihisi mistari iliyoinuka. Ni kazi ya namna hiyo. Mchoro wake ni mkali na kuughushi si kazi ndogo, ndiyo maana serikali ziliupenda.

Tatizo ni kwamba bamba la aina hii lilitoa rangi moja kwa mpigo. Ukitaka rangi ya pili, sharti karatasi irudi mashineni ikutane na bamba la pili. Lakini karatasi iliyolowana hutanuka, na ikikauka husinyaa, wala haisinyai sawasawa kila mahali. Kwenye picha kubwa ya ukutani, nywele moja ya tofauti haionekani. Kwenye stempu, nyota za bendera zinahama kitambaa.

Walishajaribu. Mwaka 1869 ilitoka stempu ya senti 30 yenye tai, ngao na bendera, kwa rangi mbili, buluu na nyekundu, kila rangi na mpigo wake. Hata hapo bendera zenyewe zilikuwa za rangi moja tu. Tena karatasi kadhaa ziliingizwa mashineni kichwa chini kwenye mpigo mmojawapo, zikatoka na bendera zilizopinduka. Leo wakusanyaji wa stempu wanazisaka kwa udi na uvumba. Kwa mchapaji wa wakati ule zilikuwa aibu tupu.

Tangu 1894 kazi yote ya stempu ilikuwa mikononi mwa kiwanda cha serikali, Bureau of Engraving and Printing, palepale Washington panapochapwa noti za dola. Kiwanda hicho kilikuwa hodari kwa chuma, ila mashine za bendera za rangi nyingi hakikuwa nazo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolazimisha njia nyingine. Rais Franklin D. Roosevelt alikuwa mkusanyaji wa stempu tangu utotoni na alizifuatilia stempu za serikali yake kwa karibu mno. Serikali ikaamua kuziheshimu nchi zilizokaliwa na majeshi ya Ujerumani, Italia na Japani, kila moja kwa bendera yake. Sasa bendera ya Ubelgiji utaichapaje kwa rangi moja? Kazi ikapelekwa kwa kampuni binafsi, American Bank Note Company. Fremu ilichapwa kwa bamba la kuchongwa kama desturi, lakini bendera ya katikati ikachapwa kwa mbinu tofauti, isiyodai karatasi ikandamizwe kwenye mifereji.

Ya Poland ilitangulia, tarehe 22 Juni 1943. Zikafuata Chekoslovakia, Norwei, Luxemburg, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Ugiriki, Yugoslavia, Albania, Austria na Denmark, zote kabla mwaka haujaisha. Korea ikaja ya mwisho, tarehe 2 Novemba 1944. Pande mbili za bendera fremu ni ileile kwa zote: kushoto finiksi, ndege wa hadithi za kale, akiinuka kutoka motoni, kulia mwanamke aliyepiga magoti akikata minyororo. Bei ilikuwa senti 5, nauli ya barua ya kawaida ya kwenda ng'ambo. Na hapo pana kejeli ambayo nadhani wachapaji waliiona: huduma ya posta kutoka Marekani kwenda katika nchi hizo ilikuwa imesitishwa kwa sababu ya vita. Barua yenye bendera ya Poland ingeweza kwenda Brazili, isiende Poland.

Kampuni hiyo ilifanya jambo jingine linalowafurahisha wakusanyaji mpaka leo. Pembeni mwa karatasi ya stempu, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa namba ya bamba, iliandika jina la nchi. Kwenye baadhi ya stempu za Korea herufi E ilitoka na kasoro, jina likasomeka KORPA.

Bendera ya Marekani yenyewe ilisubiri mashine ya Giori. Mashine hii ina rola za wino zilizokatwa kwa umbo, kila rola ikigusa sehemu yake tu ya bamba. Hivyo hadi rangi tatu hukaa juu ya bamba moja na kuhamia kwenye karatasi kwa mpigo mmoja. Karatasi hairudi mashineni, kwa hiyo hata ikisinyaa, rangi zote husinyaa pamoja. Stempu ya senti 4 ya 1957 ilihitaji wino wa aina mbili tu, nyekundu na buluu. Nyeupe ni karatasi yenyewe.

Haikudumu. Kila nyota ya bendera hiyo ni jimbo moja. Alaska ikawa jimbo, na tarehe 4 Julai 1959 ikatoka stempu nyingine yenye nyota 49, safu saba za nyota saba. Hawaii ikafuata, na tarehe 4 Julai 1960 nyota zikawa 50.

Tanzania haikungoja hivyo. Bendera ya Muungano, ya kijani, manjano, nyeusi na buluu, ilikuwa kwenye stempu ya senti 10 tarehe 9 Desemba 1965, mwaka mmoja na nusu tu baada ya bendera hiyo kupitishwa. Rangi nne zingeishinda Giori. Lakini stempu hiyo ilichapwa kwa fotograviya, ambapo kila rangi ina silinda yake na wino hukauka upesi kabla karatasi haijafika kwenye rangi inayofuata.