Mchicha Ni Kitoweo, Mnakilia Nini?

Mama mmoja wa Mtongwe, Mombasa, aliniita kwake nimkagulie bustani. Nyuma ya nyumba nikakuta matuta manne ya mchicha, mawili ya sukuma wiki, na bamia kando ya ukuta. Yamestawi kweli. "Sasa tunajilisha wenyewe, bwana shamba," akaniambia. Nikamuuliza, "Na kitoweo hiki mnakilia nini?" Akacheka. Unga wa dukani.

Wengi mjini hukwama papo hapo. Gramu 100 za mchicha mbichi zina kalori 23 tu, na mtu mzima huhitaji kama 2,200 kwa siku. Azipate kwa mchicha mtupu, itambidi ale zaidi ya kilo tisa. Mbuzi ndiye anayeweza. Muhogo una kalori 160 hivi kwa gramu hizo hizo, kwa hiyo kilo moja na nusu, ikishamenywa, inamshibisha mtu siku nzima.

Chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100, ukaachia muhogo sehemu ya kutosha miche 200, kila mche mita moja kutoka kwa mwenziwe. Kwa makisio ya kiasi, kila mche ukitoa kilo mbili, utachimba kilo 400. Ondoa maganda, zibaki 320 hivi. Hicho ni chakula cha mtu mmoja kwa zaidi ya miezi saba. Na huhitaji ghala: muhogo ukikomaa hukaa ardhini ukikungoja, ila ukishaung'oa, siku mbili tatu umeharibika.

Pingili, vile vipande vya shina vya kupandia, ndizo zilizonitia adabu. Mwaka mmoja niliomba za kibanda meza, aina ya muhogo wa kienyeji, kwa jirani, kwa kuwa ladha yake naijua tangu utoto. Majani yalikuwa mazuri, sikushuku kitu. Nilipochimba, nyama ya ndani ilikuwa na mabaka makavu ya kahawia: ugonjwa wa michirizi. Nusu ya shamba nikaitupa, mimi mtaalamu mzima! Siku hizi, kabla ya kuchukua pingili, naomba mwenyewe achimbe shina moja tulikate tulione. Aina kama Tajirika, iliyotoka kwa watafiti wa Mtwapa, inavumilia magonjwa zaidi, ingawa wazee watakwambia haifikii kibanda meza kwa utamu. Mihogo michungu usiiguse kama hujui kuitoa sumu.

Muhogo peke yake, hata hivyo, utashibisha mwili ukaudhoofisha, maana hauna protini ya maana. Ndiyo sababu katikati ya mistari natia kunde mvua za masika zinapoanza, na mbaazi pembeni. Kunde hukupa majani kabla ya punje. Viazi vitamu navyo nina mapenzi navyo: kalori ni karibu nusu ya zile za muhogo, lakini miezi minne umeshakula, na matembele juu yake.

Mahindi? Yakikauka yana kalori nyingi na yanawekeka, lakini kwenye kiwanja kidogo cha Pwani, mvua ikikatika wiki mbili yakiwa yanachanua, umekwisha. Viwavijeshi sijawataja.

Mafuta ni nazi. Nyama yake ina kalori 354 kwa gramu 100, hakuna kingine kibichi uani kitakachoifikia. Ila mnazi mrefu wa kwetu hukuweka miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na hapa Pwani kuna jambo ambalo vitabu vya kilimo havilisemi: ukikaa kwenye ardhi ya mtu, atakuachia upande muhogo, si mnazi. Mti wa kudumu huonekana kama dai la ardhi.

Yule mama ni mpangaji. Tukakubaliana: mnazi asahau, bamia zibaki ukutani, matuta matatu ya mchicha yageuke ya viazi, na lile la nne lihamie pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.