Kuwamba kanvasi kwa vitu vya zamani: tunayoambiwa na yalivyo

Vijana wengi wanaochora hapa Tabora hukwama kabla ya kushika brashi, wakingoja hela ya kuagiza kanvasi, yaani nguo ya kuchorea iliyowambwa kwenye fremu, kutoka Dar es Salaam. Naumia nikiona hivyo, kwa sababu mengi wanayohitaji yako nyuma ya nyumba.

Dhana: Fremu nzuri ni ya mbao mpya.
Mbao iliyotoka kupasuliwa bado ina maji. Ikikauka hujipinda pamoja na fremu. Chaga za kitanda kilichovunjika zimeshakauka miaka mingi. Zikiwa za mninga umebahatika, maana mninga hausinyai sana wala haupindi ovyo. Ng'oa misumari yote, kwani kutu hupenya kwenye nguo ikaacha doa. Halafu piga randa upande wa mbele ili mbao ishuke kidogo kuelekea ndani, nguo iguse ukingo wa nje tu. Bila hivyo, mstari wa mbao utajitokeza kwenye picha.

Dhana: Nguo yoyote ngumu inafaa, hata kiroba.
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kiroba cha unga ni plastiki, na turubai la bluu vilevile. Rangi haishiki, hubanduka kama magamba. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huungua kama karatasi ukaacha majivu, wa plastiki huyeyuka ukawa donge gumu. Shuka zito la pamba linafaa. Gunia la juti, kama yale ya kufungia tumbaku, nalo linafaa likifuliwa vizuri. Wala si nguo ya kuonea aibu: mwaka 1888, mjini Arles, Ufaransa, mchoraji Paul Gauguin alinunua mita 20 za juti, wakazichorea yeye na mchoraji mwenzake Vincent van Gogh.

Dhana: Ukishawamba, paka rangi ya mafuta papo hapo.
Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hiyo yakigusa uzi mtupu, huukausha na kuuozesha taratibu. Tanguliza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikikauka ufuatishe praima, yaani rangi ya kutangulizia, mara mbili. Gunia litataka zaidi, lina matundu.

Dhana: Anzia kwenye kona, vuta kwa nguvu zote.
Wambaji wa ngoma hawafanyi hivyo. Piga msumari mdogo katikati ya upande mmoja, kisha upande unaotazamana nao, ndipo usogee kidogo kidogo kuelekea kona. Usikaze kupita kiasi: pamba husinyaa ikipata gundi, na fremu nyembamba hupinda. Kabla ya msumari wa kwanza, pima fremu kimshazari, kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, anza kuwamba.