Mtoto Kuwa Sebuleni Si Kuwa Salama

Wazazi wengi wa Mtwara, kuanzia Shangani hadi Mikindani, wamekuwa wakiamini kwamba mtoto anayecheza gemu kwenye simu akiwa ndani yuko salama kuliko aliye uwanjani, kwa kuwa hachezi na mtu bali na mashine. Imani hiyo inaeleweka, lakini si sahihi.

Katika gemu kama Free Fire, mtoto anaweza kupangwa kikosi kimoja na watu asiowajua kabisa, nao wakaongea kwa sauti au kuandikiana mchezo ukiendelea. Anayejitambulisha kuwa na miaka 12 anaweza kuwa mtu mzima. Mara nyingi mwenye nia mbaya huanza kwa ukarimu: humzawadia mtoto mavazi ya mhusika yanayonunuliwa kwa almasi za gemu (sarafu ya ndani ya gemu, inayonunuliwa kwa fedha halisi), kisha humwomba wahamie WhatsApp, humsihi asimwambie mtu, na hatimaye hudai picha. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, kuliko kuhesabu tu saa za kucheza.

Kaa naye, mwombe akuonyeshe anavyocheza, kisha zimeni pamoja maongezi ya sauti ya gemu. Namba ya siri ya fedha za simu asiijue. Akikueleza jambo la kutisha, tafadhali usimpokonye simu kwa hasira, maana siku nyingine atanyamaza. Hifadhi ujumbe ule kama ushahidi, mzuie mtumaji, kisha piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.