Mpira mmoja, darasa zima: kipindi cha michezo kimfikie kila mtoto

Katika shule nyingi, somo la michezo huanza na kuishia kwenye sentensi moja: "Chukueni mpira mkacheze." Wavulana 22 hodari huingia uwanjani, waliobaki hukaa chini ya mkorosho, na wasichana husubiri netiboli kama mpira wa pili upo. Sisi tunaoandaa walimu wa michezo huku Mtwara tunasema wazi kwamba hapo hakuna somo lililofundishwa.

Pima kwanza muda wa kusubiri. Tuseme una wanafunzi 35, mpira mmoja na foleni moja, na kila mtoto anatumia sekunde 20 kuukokota mpira hadi kwenye alama na kurudi. Foleni ikiisha, karibu dakika 12 zimeshakwenda. Kwenye kipindi cha dakika 40, ukitoa kubadili nguo, kupasha misuli na kupoa, hubaki kama dakika 24. Maana yake kila mtoto anaugusa mpira mara 2 tu. Wagawe katika vikundi 7 vya watoto 5, kila kikundi na mpira wake, na mtoto yuleyule atapata zamu 14 kwa dakika zilezile.

Mipira 7 itatoka wapi? Itoke kunakotoka ya mtaani: matambara, sponji na kamba. Mpira wa matambara haudundi sana wala haukimbilii mbali, na kwa anayejifunza kutuliza mpira na kutoa pasi hiyo ni nafuu kubwa. Chupa tupu zikijazwa mchanga zinatosha kuwa alama.

Halafu kuna michezo ya kutoana. Kwenye rede, anayepigwa hutoka, na mara nyingi wa kwanza kutoka ni yule mzito au mwoga, ambaye ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wenzake. Badili kanuni: anayepigwa achukue nafasi ya mrushaji. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu, tumia mpira wenye kokoto ndani ya kopo ili ausikie unakotokea.

Wapo walimu wanaoona ngoma si somo la michezo. Sikubaliani nao hata kidogo. Dakika kumi za sindimba hufanyisha kazi magoti, kiuno na mapafu, na wasichana wanaoukwepa mpira huingia bila kusukumwa. Waruhusiwe pia kuvaa suruali chini ya sketi. Wengi waliobalehe hukaa pembeni kwa kuona aibu, si kwa uvivu.

Adhabu za kichurachura na kuzungushwa uwanja tuziache kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mtoto aliyezoea kukimbizwa kwa kosa hatakimbia kwa hiari yake.

Mwisho, ratiba. Joto la pwani yetu, pamoja na unyevu wake, huchosha haraka, kwa hiyo mwalimu wa taaluma asiweke michezo saa sita mchana. Vipindi vya kwanza vya asubuhi vinafaa zaidi. Wazazi, hasa wa uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida, wampe mtoto chupa ya maji siku ya somo hilo.