Simuleta haina saa

Jana tena. Kijana kaniletea programu yake ya Lustre (lugha ya kuandikia programu za kuendesha mitambo), king'ora cha tangi la maji, kifua mbele: "Nimeijaribu kwenye simuleta, ile programu ya kuigiza kifaa kwenye kompyuta; inasubiri sekunde kumi ndipo inalia." Sekunde umezitoa wapi? Akanionyesha:

n = 0 -> pre n + 1;

Jamani. n inaanza na 0, kisha kila pigo, yaani kila mzunguko mmoja wa programu, inachukua thamani yake ya pigo lililopita (pre n) na kuongeza 1. Mstari huo unahesabu mapigo. Kwenye simuleta, pigo ni kidole chako kwenye Enter. Bonyeza mara nane, n inasoma 7. Nenda kanywe chai, piga soga na jirani, rudi: n bado ni 7. Programu haina habari kwamba ulitoka.

Kukompaili kwenyewe, yaani kuigeuza programu iwe lugha ya C, hakuna uchawi. Kompaila inapanga milinganyo, mistari kama ule wa n, kwa kufuata nani anamtegemea nani, inaipa kila pre nafasi yake kwenye kumbukumbu, na mwisho inakupa funksheni moja ya C, ya kuitwa mara moja kila pigo. Ukiandika x = y + 1 halafu y = x - 1, inakukatalia, maana kila moja inamsubiri mwenzake, na ni haki yake. Lakini nani ataiita hiyo funksheni, na kila baada ya muda gani? Hilo ni juu yako.

Hapo ndipo mwingine huropoka kwamba Lustre hudai hesabu huchukua muda sifuri. Caspi na Halbwachs, walioianzisha Grenoble miaka ya 1980, walikuwa wanajua fika kwamba prosesa hutumia muda. Sharti ni pigo liishe kabla ya linalofuata kuanza, basi. Scade, zana ya viwandani iliyozaliwa na Lustre, imo kwenye programu za kuongozea ndege za Airbus, na kazi ya namna hiyo haikubaliki mpaka ionyeshwe kwamba hata njia ndefu kuliko zote ndani ya funksheni inaisha kabla ya pigo linalofuata. Simuleta haikuonyeshi hilo hata ubonyeze mpaka usiku wa manane.

Ila kinachonichoma zaidi ni neno "pamoja". Chukua vitufe vya chemsha bongo shuleni, nani kawahi. Pigo ni milisekunde 20. Asha anabonyeza, Juma anafuata milisekunde 3 baadaye. Mara nyingi wote wawili wanaangukia pigo moja na programu inatangaza sare. Lakini mara 3 katika kila 20, mpaka wa pigo unakatiza katikati yao, na Asha anashinda. Watoto walewale, vidole vilevile, programu ileile. Kwenye simuleta huwezi kuliona, kwa sababu unaweka alama ya Asha na ya Juma kwenye pigo moja kwa mkono wako mwenyewe: wewe ndiye uliyeamua kwamba ni pamoja.

Mimi nafanyaje? Napunguza pigo hadi sare ziwe chache, napima muda wa funksheni kwenye bodi, yaani kompyuta ndogo ya kifaa chenyewe, naongeza nusu yake juu, nafunga kazi. Hiyo nusu haina hesabu nyuma yake. Na ile njia ndefu kuliko zote, pengine siku ya kupima haikupitiwa kabisa.

Kijana nimemrudisha na swali moja: kwenye bodi yako, Enter inabonyezwa na nani?